Muhuri wa Gashaw

Mume wangu, Gashaw Mengiste, ni mpole, na upole wake umenichosha miaka ishirini na mitatu. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani namsimulia malaika. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Ukichelewa, anakutafutia sababu kabla hujafika. Mimi siko hivyo. Mimi ukinikanyaga utajua umekanyaga mtu, na hapa Addis Ababa wanaonijua wanalijua hilo.

Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa ndege katika kampuni ndogo yenye ndege nne, zile za abiria wachache zinazokwenda Jimma, Semera na Gode na kurudi. Watu wanadhani ndege inarushwa na rubani peke yake. Wanasahau watu wenye grisi kwenye kucha. Kwa kitu chochote kinachohusu usukani, fundi mmoja hufanya kazi, kisha mkaguzi huja kutazama, na akiridhika anagonga muhuri wake kwenye fomu. Muhuri wenyewe si mkubwa kuliko kifungo cha koti. Wa Gashaw ulikuwa namba thelathini na saba, naye aliuvaa shingoni kwa mnyororo, pamoja na uzi mweusi wa ubatizo wake. Akigonga, maana yake amesema: nimeona kwa macho yangu, watu na wapande. Ukinyang'anywa muhuri umenyang'anywa leseni, na mkaguzi asiye na leseni hakuna kampuni nchi hii itakayomruhusu hata kujaza upepo gurudumu.

Mimi nilikuwa, na bado niko, stoo ya vifaa. Kila fundi ana vibati vyake vya shaba vyenye namba. Ukija dirishani kutaka bisibisi unaniachia kibati, nakitundika kwenye msumari wa bisibisi ile, naandika daftarini jina, kifaa na saa. Jioni kila kifaa lazima kiwe kwenye msumari wake, la sivyo ndege hairuki, maana kisichoonekana huenda kimesahaulika ndani ya injini. Hapo dirishani ndipo Gashaw aliponipata. Alikuja kuazima tochi mara nne siku moja. Mara ya tano nikamwambia, "Kaka, kama macho yamekufa nenda hospitali." Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Aliyekuwa nyuma yake siku hiyo, akimsukuma mgongoni aseme alichojia, alikuwa Zeleke. Zeleke Haile, fundi mwenzake, rafiki yake tangu chuo cha ufundi. Zeleke ndiye aliyewatafuta wazee wa kwenda kwa baba yangu kuniposa. Na binti yetu Meheret alipozaliwa, Zeleke ndiye aliyempokea kutoka kwenye maji ya ubatizo akawa baba yake wa kanisani. Kwetu hilo si jambo la keki na picha. Baba wa ubatizo ni ndugu wa damu. Watoto wa nyumba zile mbili hawawezi hata kuoana. Zeleke alikuwa habishi hodi kwetu. Anaingia, anafunua sufuria, anasema, "Mama Meheret, leo tena dengu? Unatufungisha hata siku zisizo za mfungo?" Nami namtukana, naye anapakua.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Ijumaa Kuu ya mwaka juzi, Zeleke alipewa kazi ya kubadilisha kebo ya mkia kwenye ndege ya Jimma. Kebo hiyo hukazwa kwa skrubu ndefu, na skrubu ikishakazwa husokotewa waya mwembamba ili mtikisiko usiifungue. Bila waya ule, skrubu inajizungusha yenyewe kidogo kidogo angani hadi kebo inalegea. Hata mimi wa stoo najua. Saa tano asubuhi Zeleke alimaliza, akaja kurudisha koleo la kusokotea waya, nikampa kibati chake. Gashaw akaingia kwenye mkia wa ndege na tochi, akatazama, akagusa waya kwa kidole, akagonga muhuri. Saa sita akaja dirishani, midomo imekauka kwa mfungo.

"Nakwenda kanisani kusujudu," akasema. "Zeleke atafunga milango ya mkia."

"Sujudu na yangu," nikamwambia, "mimi magoti yameniisha."

Saa nane Zeleke akarudi dirishani. Rubani alikuwa amejaribu usukani akasema ni mzito. Hilo nililijua baadaye. Siku ile Zeleke alitaka tu kipimo cha mkazo wa kebo na spana ndogo. Nikampa, nikaandika. Baada ya nusu saa akavirudisha. Koleo la waya hakuligusa. Lilikuwa limening'inia palepale mbele ya pua yangu, nami sikuuliza, kwa kuwa nilidhani anapima ndege nyingine. Hilo ni kosa langu na ninalibeba.

Kumbe alikuwa amefungua kitu kilichokwisha kugongwa muhuri. Sheria inasema ukifungua lazima mkaguzi arudi aone upya. Zeleke aliilegeza skrubu, akapima, akaikaza, akafunga mlango wa mkia bila waya na bila kumwita mtu. Ilikuwa Ijumaa Kuu, Gashaw yuko kanisani, abiria wanasubiri, naye ana njaa. Akajiambia kesho ataitia waya. Kesho yake akaenda sokoni kununua kondoo wa Pasaka.

Ndege ikaruka Ijumaa ile, ikaruka Jumamosi mara tatu. Jumapili ya Pasaka, ikishuka Jimma na watu kumi na mmoja, mkia ukaacha kumsikiliza rubani. Aliishusha kwa nguvu za injini na kwa rehema za Mungu, ikatoka nje ya njia, ikasimama kwenye majani. Wote walitoka hai. Mama mmoja alivunjika mkono.

Wakati huo sisi tulikuwa mezani. Siku hamsini na tano hatujaonja nyama, unaweza kufikiri ile harufu ya kuku na siagi. Zeleke na mkewe walikuwapo kama kila Pasaka. Simu ya Gashaw ikalia, akasikiliza.

"Ndege ya Jimma," akasema. "Mkia."

Nilimtazama Zeleke kwa bahati tu. Alikuwa amekwisha kukunja tonge la injera, mkate wetu laini, lenye kipande cha yai. Mkono ukasimama hewani. Halafu, jamani, akalipeleka lile tonge kinywani mwa mume wangu, kama tunavyolishana siku ya furaha, akamwambia, "Kula kwanza, ndugu yangu. Siku itakuwa ndefu." Na Gashaw akala. Zeleke alikuwa anajua kila kitu, na akamlisha.

Wote wawili wakasimamishwa kazi kungoja kamati ya uchunguzi. Skrubu ilikutwa haina waya, na muhuri wa mwisho kwenye fomu ulikuwa namba thelathini na saba. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: Gashaw aligonga bila kutazama, au mtu alifungua baada yake?

Nikafungua daftari langu nikaona ule mstari. Ijumaa, saa nane, Zeleke, kipimo cha mkazo. Nikalipeleka nyumbani chini ya shuka nililojitanda kama mwizi.

"Ona," nikamwambia Gashaw. "Amekuuza, huyu. Mchana kweupe."

Akasoma mara mbili. "Labda amesahau."

"Amesahau! Mtu anasahau mwavuli, Gashaw."

"Anaogopa, Yeshi. Mpe nafasi aseme mwenyewe. Nikimtangulia na daftari, nitakuwa nimemchongea baba wa mtoto wangu."

"Naye akikutangulia wewe?"

"Zeleke?" akasema, akacheka kidogo. Ningemzaba kofi.

Kamati ilikuwa ikae Alhamisi. Jumanne jioni, jua bado lipo, wakaja wazee. Wapatanishi watatu, shuka nyeupe begani: Abba Tekle, padri anayeungamisha nyumba zetu zote mbili, Kapteni Worku, rubani mstaafu ambaye Gashaw alimheshimu kuliko baba yake, na mzee mmoja wa chama chetu cha mazishi. Nyuma yao Zeleke, ameinama hadi kiunoni, amebeba jiwe shingoni kama anavyofanya mkosaji anayeomba radhi. Nilipoona lile jiwe moyo wangu ulilainika, sitasema uongo. Nikasema moyoni, ndiyo, huyu ni mtu bado.

"Karibuni, kaeni," Gashaw akasema.

"Hatukai," Abba akajibu. "Hatukai mpaka useme umemsamehe."

"Nimemsamehe nini, Abba?"

"Sema kwanza. Kwa ajili ya mvi hizi."

Ndivyo ilivyo kwetu. Wazee wakisimama mlangoni pako wakakataa kukaa, unatoa neno kabla hujasikia deni la neno hilo. Atakayewaacha wasimame, hata msiba wake hautakuwa na watu. Nilikuwa nakaanga kahawa kwenye kona, nikamkazia macho mume wangu, nikamtikisia kichwa waziwazi: usiseme. Aliniona.

"Nimesamehe," akasema. Akaenda mwenyewe kumtua Zeleke lile jiwe.

Wakakaa. Zeleke akalia machozi ya kweli mpaka pua ikamtoka kamasi. "Ni mimi, Gashaw. Nilifungua baada yako. Nilikuwa na haraka. Nilitaka kurudi kutia waya, shetani akanipitia."

"Basi Alhamisi utaeleza hivyo," Gashaw akasema.

"Nitaeleza mwenyewe, kwa kinywa changu. Naapa kwa Meheret."

Meheret alikuwa pale mlangoni, ana miaka kumi na sita, anasikia jina lake linaapiwa. Abba Tekle akamwomba karatasi ya daftari la shule. Akaandika: Gashaw na Zeleke walikuwa na jambo juu ya ndege, wamepatana mbele ya wazee, hakuna atakayemshtaki mwenzake tena. Wakatia sahihi.

"Na kamati je?" nikauliza. "Hiyo karatasi inasema nini kuhusu kamati?"

"Mama Meheret," Abba akaniambia bila kugeuka, "kahawa yako inaungua."

Mimi, Yeshi, nilinyamaza nikachochea kahawa. Baada ya wao kuondoka Gashaw alinikumbatia, akaniambia, "Unaona? Alikuja mwenyewe." Alilala kama mtoto.

Alhamisi nilingoja nje ya chumba cha mkutano, daftari kwenye mkoba, ingawa Gashaw alikuwa amenikataza kulileta. Waliokuwamo walinieleza yaliyopita mle ndani, na mengine niliyasikia mwenyewe, maana ule mlango ni wa mbao nyepesi.

Mwenyekiti wa kamati alimuuliza Zeleke, "Baada ya mkaguzi kugonga muhuri, uliigusa tena ile skrubu?"

"Hapana," Zeleke akasema.

Nikasikia kiti kinasogezwa.

"Zeleke," mume wangu akasema, sauti ya chini kabisa. "Zeleke, ndugu yangu."

"Niliweka waya," Zeleke akaendelea. "Kama mkaguzi aliukata ili atazame vizuri kisha akasahau kuurudisha, mimi sijui. Na sipendi kumsema. Tulikwisha kupatana. Karatasi hii hapa. Mkubwa, mtu msafi anatia sahihi ya kupatana kwa lipi?"

Nikaingia bila kubisha. Nikaliweka daftari mezani, nikafungua ule ukurasa. "Saa nane! Kipimo cha mkazo! Alikwenda kupima nini saa nane, mkia wa kondoo?"

Mwenyekiti akalisoma. Alikuwa mtu mstaarabu, na ustaarabu wake ndio ulioniua. "Mama, mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na huyu bwana ni nani wako?"

Na Zeleke, yule aliyekula dengu zangu miaka ishirini, akasema taratibu kwamba wiki ile alikuwa amepoteza kibati kimoja, huenda mtu mwingine alikitumia, na kwamba shemeji yake ana uchungu, asilaumiwe.

Gashaw akaomba wazee waitwe. Walikuwa hapohapo barazani. Abba Tekle akasema yanayosemwa kwenye upatanisho hayatolewi nje, ni kama maungamo. Mzee wa chama cha mazishi akasema vivyo hivyo. Kapteni Worku alitazama kofia yake mikononi, akasema, "Sina la kuongeza." Neno lake moja lingetosha. Katika kiwanja kile cha ndege hakuna aliyewahi kulitilia shaka.

Wakaamua palepale. Gashaw akaambiwa akabidhi muhuri. Akaingiza mkono kolani, mnyororo ukawa umejiviringa na uzi wa ubatizo, hauachani. Watu saba mle chumbani wanatazama. Ndipo Zeleke akainuka, akaenda nyuma yake, akamfungulia ule mnyororo polepole, kama unavyomfungulia mtu mkufu. Na mume wangu akainamisha kichwa ili amrahisishie. Nilitoka nje.

Tangu hapo Gashaw anakaa nyumbani kwetu, mtaa wa Gerji. Anatengeneza majiko ya umeme ya majirani na wanamshukuru sana. Zeleke yuko kazini. Kila asubuhi anakuja dirishani kwangu, ananinyooshea kibati, anasema, "Habari za asubuhi, mama Meheret." Nampa kifaa, naandika jina lake, simjibu. Watu waliniambia niache kazi kwa heshima. Heshima gani? Aache yeye.

Mwezi wa tatu baada ya kamati, Kapteni Worku alikuja nyumbani, peke yake, mchana. Alikuwa amepungua. Nikamwekea kiti, hakukikataa. Gashaw alikuwa na jiko la jirani mezani, limefunuliwa.

"Sipati usingizi," Kapteni akasema. "Nimekuja kusema. Siku ile tulipokuja kwako, tulikuwa tunajua kwamba Zeleke hatakiri mbele ya kamati."

Gashaw akaweka bisibisi chini.

"Alituambia Jumatatu, kwa Abba. Alisema akikiri atafungwa, maana alifungua kitu chenye muhuri watu wakapanda. Wewe ukionekana mzembe, utapoteza leseni tu. Yeye ana watoto watatu wadogo. Wewe una mke mwenye kazi, mtoto mmoja, umri umekwenda. Tukaona wewe utaweza kulibeba."

"Mkaona," Gashaw akasema.

"Tukaona."

"Na machozi yale?"

"Machozi yalikuwa ya kweli. Alikuwa anakuomba radhi kwa jambo ambalo alikuwa bado hajalifanya."

"Karatasi aliitaka nani?"

"Abba. Alisema ukitia sahihi, utaona haya kumshtaki." Kapteni akaanza kulia, mzee wa miaka sabini na mbili, akaushika mkono wa Gashaw. "Nisamehe, mwanangu. Sema umenisamehe nikalale."

Nilingoja lile neno. Namjua mume wangu. Neno hilo halijawahi kukaa kinywani mwake zaidi ya pumzi moja. Safari hii halikuja. Kapteni akangoja, akangoja, mwisho akavaa kofia yake akatoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Gashaw akabaki ametazama lile jiko. Kisha akanigeukia.

"Yeshi," akasema, "na wewe ulijua?"

Nilitaka kumrukia. Mimi! Mimi niliyeficha daftari chini ya shuka, mimi niliyeingia kwenye kamati kama mwehu! Matusi yalinijaa mdomoni. Lakini nilipomtazama usoni niliona haniulizi kwa hasira. Aliniuliza kwa sababu kweli hakuwa na hakika.

"Sikujua," nikasema. "Naapa, Gashaw. Sikujua."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesema, haya, tumesikia. Kisha akainuka, akaenda chumbani kumuuliza Meheret.